Waya Mfu wa Mzee Testa

Mtaani walimwita Mzee Testa, na jina halikuhitaji maelezo. Testa, ile bisibisi ndogo yenye taa ndani ya mpini, ambayo mafundi umeme huitumia kujua kama waya una moto, haikutoka kwenye mfuko wa shati lake kwa miaka hamsini. Alikwenda nayo kazini, alikwenda nayo kwenye harusi za watu, na siku aliyomzika mkewe ilikuwa mfukoni vilevile. Binti yake ndiye aliyeirithi karakana, na wateja wakamwita Fundi, basi, bila kuongeza kitu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mfupi, mwepesi wa kupanda ngazi na mwepesi zaidi wa kujibu. Habari hii ni yake hasa. Baba mtu ana watu wengi wa kumsimulia, lakini huyu aliyebeba mzigo wenyewe hakuna aliyemuuliza kitu.

Mambo yalianza Jumatatu, saa nne asubuhi, kwenye benchi la karakana. Mzee alikuwa anasuka mota ya pampu, yaani anaizungushia waya mpya. Mkono wa kushoto ulikuwa unazungusha mpini wa mashine ya koili, mdomo unamsema mteja aliyeiunguza. Katikati ya maneno akanyamaza. Sasa, Mzee Testa kunyamaza wakati anamsema mtu ni jambo ambalo halijapata kutokea, kwa hiyo Fundi aligeuka mara moja. Akamkuta amelala kifudifudi juu ya benchi, paji la uso kwenye koili. Kabla hajamfikia, mzee akainua kichwa na kumalizia, "...na pampu haina maji, yeye anaiwasha tu." Halafu akashangaa. "Mbona umenikodolea macho?"

"Ulizimika, baba."

"Nilisinzia."

"Mtu hasinzii katikati ya neno."

Mzee akanuna, lakini hakubisha, na hilo la kutobisha ndilo lililomtia Fundi hofu kuliko kile kichwa kwenye koili. Alifunga karakana mchana kweupe, akamvalisha baba yake koti, akampeleka hospitali.

Kifuani, upande wa kushoto, chini kidogo ya bega, Mzee Testa alikuwa na kifaa cha moyo. Alikuwa nacho kwa miaka kumi na minne. Moyo wake ulikuwa umeanza kupiga polepole mno, na kazi ya kile kifaa ilikuwa kuushtua kila ulipozubaa. Kilikuwa na ukubwa wa saa ya mfukoni, kimezikwa chini ya ngozi, na kutoka pale waya mmoja ulipita ndani ya mshipa mpaka moyoni. Mzee alikipenda. Alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba katika karakana nzima yeye peke yake ndiye mwenye saketi inayofanya kazi bila mteja kulalamika.

Daktari wa moyo alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani aliyoivua kila alipotaka kusema jambo zito. Alimwekea mzee kidude juu ya kifua, akasoma tarakimu kwenye kompyuta, akampeleka akapigwe picha, akaitazama picha muda mrefu. Halafu akavua miwani.

"Mzee wangu, kifaa ni kizima. Shida ni waya. Umekatika ndani ya ganda lake, hapa, chini ya mfupa wa mtulinga. Ncha bado zinagusana. Ukikaa hivi, zinashika. Ukijigeuza, zinaachia."

Fundi aliijua kasoro hiyo. Katika kazi yake yote hakuna kasoro aliyoichukia kama waya unaoshika na kuachia. Uliokatika kabisa unaonekana, unaubadilisha, unakwenda zako. Huu wa kushika na kuachia unakudanganya mchana kutwa, unakwambia kila kitu kiko sawa, mpaka siku unayoondoka kwa amani ndiyo siku nyumba inabaki giza.

"Na ukiachia?" akauliza.

"Leo umeachia sekunde chache, akaamka. Siku nyingine zitakuwa nyingi zaidi." Daktari aliirudisha miwani. "Sitaki kuwatisha, lakini siwezi kumruhusu arudi nyumbani hivi. Atalala hapa, kwenye mashine, mpaka tumwekee waya mpya. Ila kuna kitu kinanishangaza. Waya hukatika hapo kwa kusagwa kati ya mfupa na ubavu, mara nyingi kwa watu wanaoufanyisha sana kazi mkono wa upande huo. Na kwenye faili imeandikwa huyu mzee anatumia mkono wa kulia."

Hapo baba na binti wakatazamana.

Miaka kumi na minne nyuma, kabla ya kuwekewa kifaa, nesi mmoja mwenye haraka zake alikuwa ameuliza, "Mzee, unaandikia mkono upi?" Akajibu wa kulia, na hakusema uongo. Shuleni walimtandika vidole mpaka akaandika kwa mkono wa kulia, na tangu hapo kuandika na kula ni kulia. Lakini koleo, nyundo, bisibisi, mpini wa koili na kila kitu kilichomlipa maishani alikishika kwa kushoto. Aliulizwa habari ya kuandika, akajibu habari ya kuandika. Mafundi hawajibu swali ambalo hawakuulizwa. Na binti yake, Fundi, alikuwa amekaa palepale kando yake. Alidhani nesi anauliza kwa ajili ya kutia sahihi. Alijua, akanyamaza, kifaa kikawekwa kushoto, upande uliodhaniwa hauna kazi.

Tena si hilo tu. Baada ya mkewe kufariki, mzee alikuwa amekonda kwa kukaa nyumbani akitazama ukuta, na Fundi ndiye aliyemwambia, njoo karakana unisaidie kusuka mota, kazi ya kukaa, haina ngazi. Ule mpini alimpa yeye kwa mikono yake. Miaka sita mzee akazungusha, akanenepa, akarudi kusema watu. Na kila mzunguko ulikuwa unausaga waya. Fundi alilipigia hesabu jambo hili pale pale kwenye kiti cha daktari, akalimeza, likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Kazi yenyewe si kubwa," daktari akaendelea. "Tunafungua pale penye kovu, tunapitisha waya mpya kando ya ule wa zamani, kwenye mshipa uleule. Nimepima, nafasi ipo. Huwezi kukosa hatari ndogondogo, damu, vijidudu, pafu kuguswa, lakini wengi hutoka salama. Ule wa zamani tutauacha."

Mzee Testa akainua kidole. "Mtauacha wapi?"

"Humohumo ulipo."

"Mtauacha umekufa, ndani, kando ya mzima?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Basi sitaki," akasema, na kuanza kufunga vifungo vya shati.

Ili uelewe kwa nini, lazima ujue sheria ya karakana ile. Zilikuwa sheria nyingi, lakini ya kwanza, ambayo mwanafunzi aliipata kabla hajapewa hata bisibisi, ilikuwa hii: waya usiotumika haubaki ukutani. Unatolewa, hata kama mwenye nyumba analia na rangi yake. Mzee hakuitunga kwa kupenda usafi. Alianza kazi na mwenzake mmoja, rafiki wa damu, wakila sahani moja. Siku moja yule mwenzake alishika waya darini ambao kila mtu alijua umekufa. Kumbe fundi mwingine, miezi iliyopita, aliukuta hauna alama, akadhani umesahauliwa, akauunganisha. Mzee Testa ndiye aliyemshusha rafiki yake ngazini, na hakuwa na pumzi tena. Tangu siku hiyo, mwanafunzi aliyeacha waya mfu ukutani alifukuzwa jioni hiyohiyo.

Daktari alieleza kwa subira. Waya wa miaka kumi na minne si kama waya kwenye bomba, unauvuta unakuja. Umeshikana na mshipa, ncha yake imeota nyama ya moyo. Kuung'oa kunawezekana, wapo wanaofanya, lakini unaweza kuchana mshipa au moyo wenyewe. "Ungekuwa umeingia usaha, ningesema tuutoe hata kwa hatari. Hauna usaha. Kwa miaka yako sabini na nane, siwezi kukushauri hilo."

"Basi niacheni na huu unaoshika na kuachia. Angalau ninaujua."

Daktari akamtazama Fundi, kana kwamba binti ana rimoti ya baba yake. "Nafasi yake chumba cha upasuaji ni Alhamisi saa mbili asubuhi. Nahitaji sahihi yake kesho kutwa, Jumatano, kabla ya jioni. Asiposaini, nitalazimika kumpa mgonjwa mwingine."

Jumanne yote Mzee Testa alilala wodini na nyaya tatu kifuani, akiwa mgonjwa mwenye shughuli kuliko wote. Kufika saa sita alikuwa ameshamwambia nesi kwamba soketi ya kitanda cha nne imelegea, amemweleza mgonjwa wa kitanda cha tano kwa nini friji lake linakula umeme, na amekataa uji kwa sababu hauna sukari. Karatasi ya kusaini ilikuwa kwenye kabati dogo la kando, chini ya kikombe. Kila Fundi alipoigusa, mzee aligeukia dirishani.

Kaka yake Fundi alipiga simu kutoka mbali alikokuwa anafundisha hesabu. "Mlazimishe," akasema. "Mshike kidole, kichovye kwenye wino, mambo yaishe."

"Njoo umshike wewe. Una kidole cha kung'atwa?"

"Sasa unataka afe kwa ajili ya sheria ya nyaya?"

"Sitaki afe," Fundi akasema, na sauti ikamkatika hapo, kwa hiyo akakata na simu.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuweza kumsukuma baba yake kwa nguvu zake zote. Kila alipofungua mdomo amwambie, baba, acha ukaidi, ule mwiba ulimchoma. Wewe ndiye uliyenyamaza mbele ya nesi. Wewe ndiye uliyempa mpini. Leo una uso gani wa kumfundisha habari ya waya? Akaishia kumkunjia shuka na kumuuliza kama anataka maji.

Jumatano asubuhi, mzee alijinyoosha kuchukua kikombe, kwa mkono uleule wa kushoto. Mashine ikalia. Mstari uliokuwa ukiruka kwenye kioo ukalala. Macho ya mzee yalibaki wazi, lakini hakuwa akitazama kitu, na rangi ya midomo yake ikabadilika. Nesi alifika mbio, akamkandamiza kifua, akamwita. Fundi alisimama ukutani akihesabu, kwa sababu hakujua jambo jingine la kufanya. Alifika kumi na moja. Kisha mstari ukaruka, ukaruka tena, na mzee akavuta pumzi ndefu na kusema, "Maji yamemwagika."

Fundi alitoka nje ya wodi, akakaa kwenye benchi la korido, akalia. Hakulia kwa adabu. Alilia mpaka mama mmoja aliyekuwa anapiga deki akaegemeza fagio lake ukutani, akaja kumshika bega, bila kumuuliza kitu. Alimpenda baba yake, na alikuwa anakwenda kumpoteza kwa kitu ambacho kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakijua. Alijipangusa uso kwa kanga ya yule mama, ikabidi wote wawili wacheke kidogo.

Na ni pale kwenye benchi, katika kuwaza waya mfu, waya mfu, nani amewahi kuacha waya mfu, ndipo alipokumbuka nyumba ya mkunga.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, yuko mwaka wa pili wa kujifunza. Mkunga mstaafu, mama mmoja mwenye ugonjwa wa kifua, alikuwa na waya mbovu nyuma ya kitanda chake. Aliyeupitisha hakuweka bomba; aliuchomeka ukutani na kupiga saruji juu. Kuutoa ilikuwa lazima ubomoe ukuta, na mkunga hakuweza kuhamishwa, alikuwa anavuta pumzi moja moja. Vumbi la ukuta ule lingemmaliza. Mzee Testa alisimama pale karibu nusu saa akiutazama ukuta, na Fundi alikuwa hajapata kumwona akishindwa. Mwishowe alikata ncha zote mbili, akazifunga vizuri, akapitisha waya mpya kwingine. Kisha akakata kipande cha plastiki kwenye kidumu, akapasha msumari moto na kuandika jambo, akakifunga kwenye ncha iliyokatwa, ndani ya kisanduku cha nyaya juu ya mlango wa chumba. Walipokuwa wanarudi akamwambia, "Leo umeona. Kesho hujaona." Naye hakuona, kwa miaka ishirini na miwili.

Alikwenda moja kwa moja, na bisibisi mkobani. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi nyingine. Aliyefungua mlango alikuwa mke wa mjukuu wa mkunga, mtoto mgongoni.

"Umeme wetu hauna shida," akasema, kwa jicho la mtu aliyewahi kutapeliwa.

"Sijaja kutengeneza, dada yangu. Nimekuja kusoma. Nipe meza na dakika tano, na sitakudai kitu."

Yule mwanamke alifikiri, akamwonea huruma kwa macho yake mekundu, akasogeza meza kwenye mlango wa chumba ambacho Fundi alimwonyesha. Fundi akapanda, akafungua skrubu mbili zilizokwama kwa rangi, akatoa kifuniko. Kipande kilikuwepo. Plastiki ilikuwa imegeuka njano, lakini herufi zilizochomwa hazikufutika, kubwa na nzito, za mkono wa kushoto: WAYA MFU. UMEACHWA KWA MAKUSUDI. Chini yake tarehe. Chini kabisa: SABABU: NDANI KUNA MTU.

Alikaa juu ya meza ile akikisoma, miguu inaning'inia.

"Ni hatari?" mwenye nyumba akauliza, akimshika mtoto vizuri.

"Hapana. Umefungwa vizuri. Hata hamkujua kama upo." Kisha akauliza, "Bibi alihama lini chumba hiki?"

"Hakuhama. Alikaa humuhumu miaka tisa mingine. Mume wangu ndiye aliyekuwa akimsomea magazeti."

Fundi hakukikata kile kipande. Kipande kama kile hakiondolewi kwenye waya wake, hiyo nayo ni sheria. Alikipiga picha kwa simu, akarudisha kifuniko, akakaza skrubu, akaifuta meza kwa kiganja.

Saa tisa alikuwa wodini. Mzee alikuwa amechoka sasa, hana hamu hata ya kusema soketi. Fundi alimvalisha miwani, akamshikia simu mbele ya uso.

Mzee alitazama muda mrefu. "Nilikwambia hujaona."

"Niliona, baba. Nilinyamaza, lakini niliona. Tena nimeambiwa leo, yule mama aliishi miaka tisa baada ya siku ile. Chumba kilekile, ukuta uleule, na waya wako mfu nyuma ya kitanda."

"Tisa?"

"Tisa."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shuka, ingawa haikuwa na uchafu. Miaka yote hiyo alikuwa ameibeba ile kazi kama aibu. Fundi alijua hilo sasa hivi tu, kwa kumwona anavyofuta kioo. "Sikulala wiki nzima," mzee akasema polepole. "Nilifikiri, atakuja fundi mwingine auunganishe, amuue mama wa watu. Sasa huyu daktari wako, yeye analala?"

"Muulize mwenyewe."

Daktari aliitwa. Alikuja akiwa na haraka, akakuta mgonjwa amekaa wima, amechana nywele.

"Ncha ya waya mfu mtaifanyaje?" Mzee Testa akauliza.

"Tunaichomoa kwenye kifaa, tunaivisha kofia maalumu, tunaishona pale isicheze."

"Haitagusa mzima?"

"Ganda la kila mmoja linauzuia mwenzake, na huo wa zamani hautakuwa na umeme. Tutapima kabla ya kufunga."

"Mtapima mbele ya nani?"

"Mbele ya watu watano, mzee wangu."

"Atakayenifungua siku nyingine, atajuaje kwamba upo?"

"Tunaandika kwenye faili. Na kwenye kadi ya kifaa chako, hiyo unayotembea nayo."

"Mnaandika na sababu?"

Daktari akavua miwani. Hakuna mgonjwa aliyewahi kumuuliza hilo. "Sababu kwa kawaida hatuandiki."

"Hapo ndipo mnapokosea," mzee akasema, kwa sauti ya kumsahihisha mwanafunzi, na akanyoosha mkono apewe kalamu. Alisaini kwa mkono wa kulia. Kisha akamrudishia karatasi na kumwambia, "Na andika kwenye faili lako mkono wa kazi ni wa kushoto. Safari hii nimejibu nisichoulizwa."

Alhamisi, kabla ya saa mbili, wakati wanangoja kitanda cha magurudumu, Fundi aliutoa ule mwiba. Alisema yote, la nesi na la mpini, kwa mkupuo, akitazama vidole vyake. Alisema, "Ni mimi niliyeukata, baba."

Mzee hakumjibu upesi. Fundi akadhani waya umeachia tena, akatazama kioo, mstari unaruka.

"Mama," mzee akasema, maana alimwita hivyo alipokuwa mpole, "ule mwaka mama yako alipoondoka, mimi nilikuwa nimekwisha. Nilikuwa nakaa nangoja siku. Ukanipa mpini. Umenikatia waya, ndiyo, sikatai. Lakini miaka hiyo sita ulinipa wewe." Halafu, kwa kuwa maneno laini yalimchosha haraka, akaongeza, "Na ile mota ya pampu uimalize leo, mwenyewe ana mdomo."

Daktari alikuwa amemwambia waziwazi: akitoka salama, mpini wa koili basi, mkono hauinuki juu ya bega wiki sita, na baada ya hapo kazi za kuzungusha zimekwisha. Mzee alikubali kwa kichwa tu. Kitanda kikaja, akampa Fundi ile testa yake amshikie. Miaka hamsini, na hii ilikuwa mara ya pili tu kumwachia mtu; ya kwanza ilikuwa siku ya kuwekewa kifaa. Fundi aliishika mkononi kwa muda wa saa mbili na robo, kwenye benchi lilelile la korido, mpaka mpini wake ukaloa jasho. Daktari alipotoka akasema, "Moyo unapiga vizuri. Tumepima mara tatu; alikuwa macho, akaamuru." Fundi akamkumbatia mtu wa watu bila ruhusa.

Siku ya nane, mzee alikuwa karakana, kwenye kiti cha wateja, mkono wa kushoto umefungwa kwa kitambaa shingoni. Mpini wa koili ulikuwa umetundikwa ukutani, juu, asipoweza kuufikia. Aliutazama mara moja, akatazama pembeni.

"Kata plastiki," akasema. "Kidogo, itoshe kukaa na ile kadi yao. Pasha msumari."

"Andika mwenyewe."

"Msumari nashika kwa kushoto. Unataka daktari anitukane?"

Fundi akakata kipande kwenye kidumu, ukubwa wa kadi, akalainisha kingo zake. Akapasha msumari kwenye jiko dogo, akaushika kwa koleo. Mzee akawa anamtajia, polepole, herufi kwa herufi, kama alivyomfundisha akiwa msichana: waya mfu, umeachwa kwa makusudi, tarehe. Moshi mwembamba wa plastiki ulipanda kati yao. Walipofika mstari wa mwisho, mzee akaacha kutaja.

"Sababu?" Fundi akauliza, hakuinua macho.

"Unaijua."

Ndiyo, aliijua. Aliupasha msumari upya, akaandika maneno yale matatu, na alipoanza neno la mwisho hakuona vizuri alichokuwa anaandika. Akakipuliza kipande, akampa. Mzee alikishika mbali na uso, akakisoma chote, akarudi kwenye mstari wa chini, akausoma tena.

"Hiyo M ya 'mtu' imepinda," akasema.

"Moshi uliniingia machoni."

"Moshi wa msumari mmoja?"

Hakungoja jibu. Alikitia mfukoni mwa shati, upande wa kulia, pamoja na testa, akasema mota ya mteja bado haijaisha, akauliza leo ni siku ya ngapi tangu iletwe.